Boksi la Watoro

Vijana wa kliniki mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, na kwa kuwa mmeomba kwa adabu, naandika. Lakini tuelewane mapema. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilistaafu nikiwa daraja gani. Hayo yamo kwenye jalada langu pale utawala, na anayeyataka akayasome huko, akilipata hilo jalada. Mimi nitaandika habari za boksi moja la mbao, za mama aliyenikabidhi, na za mwalimu mmoja ambaye nusura nimharibie maisha kwa mwandiko mzuri.

Nilianza uuguzi wa afya ya akili hapa Bagamoyo nikiwa kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Mimi mtoto wa hapa hapa mjini, nimezaliwa hatua chache kutoka msikitini, basi nilidhani namjua kila mtu na shida zake. Idara yenyewe sikuipenda. Nilitaka chumba cha upasuaji, wakanipeleka chumba cha mwisho kwenye korido, kile ambacho watu hukipita wakiangalia upande mwingine. Siku ya kwanza mgonjwa wa kwanza aliniita daktari. Nikamwambia mimi muuguzi. Akasema, "Sawa, daktari." Nimekanusha kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwisho nikawa naitikia tu.

Aliyenipokea ni Sista Veronika. Alikuwa mama mfupi kutoka upande wa Morogoro, amesomeshwa na misheni, amevaa viatu vya kamba, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ilibidi unyamaze ndipo umsikie. Nadhani ndiyo ilikuwa shabaha yake. Alinipa funguo tatu, akanionyesha kabati la kadi za wagonjwa, kisha akanionyesha boksi. Fundi wa hospitali alilitengeneza kwa mbao za kitanda kilichovunjika, na tundu za misumari ya zamani bado zilionekana. Kadi za waliofika siku yao zilikaa kabatini. Kadi za wasiofika ziliingia kwenye boksi.

"Kabatini tunapumzika," aliniambia. "Kazi iko humu."

Sikumwelewa mpaka wiki ya tatu. Palikuwa na mzee mmoja mwenye kifafa, hakuja kuchukua dawa mara mbili. Sista Veronika akatoa kadi yake kwenye boksi, akatoa baiskeli ya idara, akaniambia nipande nyuma. Tulimkuta kwenye mashamba ya chumvi, amepiga magoti anakwangua, jua limemkausha midomo. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya umuhimu wa dawa. Sista akamwuliza swali moja tu: "Siku ya kliniki unakuwa wapi?" Mzee akajibu kwamba siku ya kliniki ndiyo siku ya kukwangua, na asipokuwepo anapewa mwingine sehemu yake. Basi. Sista akambadilishia siku palepale, akaandika kwenye kadi akiegemea tandiko la baiskeli. Mzee yule hakukosa tena. Hotuba yangu nikarudi nayo.

Sista Veronika alistaafu, akarudi kwao, na mimi nikabaki na funguo. Baiskeli ilikwenda matengenezo ikarudi bila gurudumu la mbele, ikaenda tena, haikurudi. Wagonjwa wakaongezeka. Mwaka mmoja kifuniko cha boksi kilipasuka, nikakipiga misumari, na kwa kuwa karatasi iliyobandikwa juu yake ilikuwa imefifia, nikabandika lebo mpya juu yake. Niliiandika kwa rula, herufi kubwa: WATORO. Nikaweka na utaratibu: mgonjwa akikosa tarehe tatu, kadi yake inaingia humo, na nafasi yake anapewa mwingine. Hakuna aliyenipinga. Wakaguzi walilisifu sana boksi lile. Wenzangu waliniita Bwana Tarehe, na nikiri kwamba jina hilo lilinipendeza.

Mwalimu Felista alikuja Jumatano moja asubuhi, miaka michache tu iliyopita. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa bara, anafundisha shule moja binafsi kule Mapinga. Aliingia haraka, akakaa, akasimama, akasogeza kiti, akakaa tena.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mimi muuguzi."

"Samahani, daktari. Sijui kama nimekuja penyewe."

Nikamwambia aeleze, akaeleza, na maelezo yake yalikuwa na matawi mengi. Alikuwa anasahau. Si kusahau kama mimi na wewe tunavyosahau jina la shemeji. Anaanza kusahihisha daftari, anaona ubao haujafutwa, anakwenda kuufuta, njiani anakutana na mzazi, na jioni daftari ziko wazi mezani kama alivyoziacha. Alikuwa hivyo tangu mtoto. Ameshapimwa malaria, minyoo na presha. Mchungaji amemwombea. Jirani yake mmoja, mama mwema, alimpeleka kwa mzee fulani akanyweshwa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, ingawa yeye ni Mlutheri.

"Lilisaidia?" nikamwuliza.

"Sijui, daktari. Niliambiwa nirudi siku saba. Nilisahau."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha kucheka kabla yangu. Akasema alihangaika miezi mingi kutafuta mtu wa kuzungumza naye. Namba nyingine hazipokelewi, wengine walimwambia apumzike, mmoja alimwambia aolewe. Mwishowe alimpata mwanasaikolojia huko Dar aliyemsikiliza mpaka mwisho. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba huenda ana kitu kinachoitwa ADHD, kwamba kinatibika, lakini kwanza aonwe na daktari bingwa wa akili. Akamwambia pia kwamba daktari bingwa mmoja huja Bagamoyo kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi.

"Mimi si mvivu," alisema, akaliangalia dirisha. "Kila mtu ananiambia nikijitahidi nitaweza. Najitahidi mpaka kichwa kinauma. Na shuleni nimeshapata barua mbili za onyo. Ya tatu ikija, natoka. Na mimi, daktari, kitu pekee ninachokiweza duniani ni kufundisha."

Nikamwandikia tarehe kwenye kadi. Akaniomba kalamu, akaiandika tarehe ileile kwenye kiganja chake.

"Si ipo kwenye kadi, Mwalimu?"

"Kadi nitaipoteza. Mkono siwezi kuupoteza."

Alitoka. Dirisha langu linatazama bomba la nje, na nilimwona kwa macho yangu akinunua muhogo wa kukaanga, akienda bombani, akinawa mikono vizuri kabisa kwa sabuni. Nilitikisa kichwa, nikatabasamu. Sikunyanyuka. Hatua ishirini tu, lakini nilikuwa na rejista ya kujaza.

Alhamisi ile hakufika. Nikaweka alama. Aliponipigia simu kuomba radhi nikampa Alhamisi ya mwezi uliofuata, nayo hakufika, nikaweka alama ya pili. Kesho yake, Ijumaa, bodaboda ikaingia getini kwa kasi na Mwalimu Felista akashuka, chaki bado imo vidoleni.

"Nimewahi, daktari?"

"Daktari alikuwa jana, Mwalimu."

"Jana? Leo si Alhamisi?"

"Leo Ijumaa. Sikiliza, wanaadhini ya Ijumaa."

Alisikiliza kweli, kama mtu anayesubiri adhana ibadilike. Nikampa tarehe ya tatu, nikamwambia hii ni ya mwisho. Nilitumia sauti ileile ninayoitumia kwa mtoto. Alirudi Mapinga. Tarehe ya tatu hakuja kabisa, na kadi yake ikaingia kwenye boksi kabla ya saa nane mchana.

Haikupita muda ikaja barua kutoka shuleni kwake. Mwalimu Felista alikuwa amewaambia kwamba anatafuta matibabu, akatia saini kuruhusu kliniki iulizwe, na bodi ya shule ilitaka kujua kama ni kweli anahudhuria. Nilijibu siku hiyohiyo. Nilipenda kujibu barua siku hiyohiyo. Niliandika kwamba alipangiwa tarehe tatu, hakufika hata moja, na kadi yake imehamishiwa kwa watoro. Kisha nikaongeza sentensi ambayo hakuna aliyeniuliza: "Kwa maoni yangu, hana nia ya matibabu." Nikagonga mhuri. Ulikaa sawasawa, haukupinda.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi uliofuata alikuja Dk. Mwanaisha, daktari bingwa wetu. Umri wake ni wa binti yangu wa pili, na hajawahi kuingia chumba kile bila kuniamkia. Siku hiyo wagonjwa walikuwa wachache, na saa tisa alikuwa amemaliza. Akaniuliza, "Baba Shomari, yule mwalimu wa Mapinga yuko wapi? Mwanasaikolojia wake amenipigia mara mbili."

"Huyo ni mtoro."

"Mtoro kivipi?"

Nikamweleza utaratibu. Nilieleza kwa fahari, ndiyo maana nakumbuka vizuri. Akasikiliza, akasema, "Hebu niletee hilo boksi."

Akazitoa kadi, akaanza kuzisoma moja moja. Kisha akasema, "Baba, naomba niseme bila kukukosea heshima. Mwalimu huyu amekuja hapa kwa sababu hawezi kushika tarehe. Sisi tukamwambia, ukishika tarehe tutakutibu. Aliposhindwa, tukamwandika mtoro. Wagonjwa ninaowatafuta mimi wamo humu kwenye boksi lako."

Nilikasirika. Niseme ukweli, nilikasirika sana. Miaka yote ile, halafu mtoto wa juzi ananifundisha kupanga kadi. Nilimjibu kwa adabu iliyo baridi, akafunga mkoba wake akaondoka. Nikabaki na kadi zimetapakaa mezani, nikaanza kuzirudisha. Kifuniko kilikuwa kimelazwa kichwa chini, nilipokigeuza nikaona kona ya lebo yangu imebanduka. Mimi siwezi kuacha kitu kimebanduka nusu. Nikavuta ili nibandike upya, ikatoka yote, na chini yake ikaonekana ile karatasi ya zamani, mwandiko wa Sista Veronika wa kulala upande: WA KUTAFUTWA.

Nilikaa. Nilikuwa nimelisahau neno lile kana kwamba sikuwahi kuliona, na mimi ndiye niliyelifunika. Boksi halikuwa la watu waliotuacha. Lilikuwa la watu tunaodaiwa kuwafuata. Halafu nikakumbuka ile Ijumaa, chaki vidoleni. Niliandika hakufika, na alifika. Alikuja kwa bodaboda kutoka Mapinga mpaka hapa, nikamrudisha, nikaandika hakufika, nikagonga na mhuri. Niliona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio.

Kesho yake niliomba ruhusa nikaenda Mapinga. Shule yenyewe haikunipa taabu, nilimpata mwalimu mkuu, mama mmoja mnyoofu, akaniruhusu nisubiri nje ya darasa la nne. Mwalimu Felista alikuwa anafundisha sehemu kwa machungwa. Hakukaa hata mara moja. Alikata chungwa, akampa huyu robo, akamnyang'anya yule thumuni, akauliza nani amedhulumiwa, na darasa zima likalipuka kujibu. Nimeona walimu wengi, na wanangu wamesomeshwa na wengi. Mpaka siku ile sikuwa nimeona watoto wanaosikitika kengele ikilia.

Alipotoka akaniona, uso ukambadilika.

"Daktari! Leo Alhamisi?"

"Leo Ijumaa."

"Basi nimekosa tena."

"Hujakosa, Mwalimu. Nimekuja mimi."

Tulikaa kwenye ngazi za darasa. Akaniambia barua ya tatu imeshatoka. Alikuwa amebeba nyumbani karatasi za majibu za mtihani wa majaribio wa darasa la saba ili asahihishe, akazisahau kwenye bajaji. Bajaji ilikwenda nazo Kerege, zikarudi siku ya tatu zikiwa pungufu, na baadhi ya watoto wakalazimika kurudia mtihani. Wazazi walikasirika, na walikuwa na haki. Bodi ilikuwa inakaa Jumanne. Akanionyesha nakala za nyaraka walizompa, na ya juu kabisa ilikuwa barua yangu.

"Hapa," alisema, akaweka kidole kwenye sentensi ya mwisho. "Mengine yote ni kweli, daktari. Hili neno ndilo lililoniuma."

Nikamwomba radhi. Nimeomba radhi mara nyingi kazini, kwa foleni, kwa dawa kuisha, kwa umeme kukatika. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuomba radhi kwa jambo nililolifanya mimi mwenyewe, na mdomo ulikuwa mzito.

Palepale nikampigia Dk. Mwanaisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, yeye akasema tu, "Mlete kesho kliniki kwangu Dar, saa tatu." Nikaenda naye. Dk. Mwanaisha alimhoji kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona mtu anahojiwa: utoto wake, shule, usingizi, hasira, mapishi. Akataka kuzungumza na mtu aliyemlea, tukampigia mama yake huko kijijini kwao, simu ikawekwa sauti ya juu.

"Felista?" mama akasema. "Huyo nilimtuma maji akarudi bila ndoo. Nikamtuma kuifuata ndoo, akarudi na mbuzi wa watu. Lakini ana moyo mzuri, daktari. Msimpige."

Tulicheka wote, na Mwalimu Felista alicheka huku machozi yanatoka. Kabla ya mchana daktari alimweleza: ni ADHD, amezaliwa nayo, si uvivu wala si laana. Ubongo wake hauna tatizo la akili bali la kushika usukani wa umakini. Dawa zipo, zinatolewa kwa cheti maalumu na kwa uangalizi, na dawa peke yake hazitoshi, lazima aendelee na mwanasaikolojia wake kujifunza kupanga maisha. Mwalimu Felista alisikiliza bila kutikisika, labda kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kwa hiyo lina jina," akasema. Kisha akatoka, akasahau mkoba, nikamkimbilia nao.

Jumanne nilivaa koti langu zuri nikaenda mbele ya bodi. Sikuitwa, niliomba. Mwenyekiti alikuwa mzee mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu wa maneno machache. Nilimkabidhi barua ya daktari bingwa, na chini yake barua yangu ya pili, inayosema kwamba ya kwanza ilikuwa na kosa, kwamba mgonjwa alifika kliniki nikamrudisha, na kwamba kuhusu nia yake sikuwa na haki ya kuandika chochote.

Mwenyekiti alizishika barua zangu mbili, moja kila mkono. "Mzee Shomari, tuamini ipi? Zote zina mhuri wako."

Mwalimu Felista alikuwa amekaa pembeni, mikono imebana magoti. Nilijua kwamba jibu langu likiteleza, anatoka.

"Ya kwanza niliiandika bila kunyanyuka kwenye kiti," nikasema. "Hii nimeiandika baada ya kumtafuta."

Mjumbe mmoja, mzazi wa mtoto aliyerudia mtihani, akaniuliza kama Mwalimu ataacha kusahau. Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema, "Hataacha. Atapunguza, na atajua la kufanya akisahau. Kwa sasa anajua kuumia tu." Mwalimu mkuu akaongeza kwamba darasa la nne halijawahi kufaulu hesabu kama mwaka ule. Wakatutoa nje. Tukasubiri kwenye benchi karibu na jiko la shule, harufu ya maharage imejaa. Walipotuita, walimpa muhula mmoja wa kuangaliwa. Vyeo vyake vya taaluma, kusimamia mitihani na mengineyo, amevuliwa, hakuna karatasi ya mtihani kubebwa nje ya shule, na likitokea kosa jingine kubwa, hakutakuwa na kikao.

Muhula ule nilihesabu siku kuliko yeye. Dawa ya kwanza ilimnyima hamu ya chakula, moyo ukawa unamwenda mbio, Dk. Mwanaisha akapunguza, akajaribu tena kidogo kidogo. Wiki ya tano au ya sita akanipigia simu. "Daktari, nimesahihisha daftari arobaini. Zote. Sijanyanyuka." Kisha akasema, "Kumbe wenzangu ndivyo mnavyoishi?"

Mwanasaikolojia alizungumza naye kila Jumamosi kwa simu. Alimfundisha mambo ambayo ukiyasikia unadhani ni ya mchezo. Daftari moja tu, lenye kamba, linaning'inia shingoni. Kengele za simu, lakini kila kengele ina kazi yake imeandikwa. Kusahihisha afanyie chumba cha walimu, na asikae peke yake: mwenzake, Mwalimu Zuhura, alikubali kukaa meza moja naye akifanya kazi zake mwenyewe, bila hata kusema naye. Mtu akiwa jirani, mkono haukimbii. Sijui kwa nini, na daktari alinieleza nikasahau, lakini ilifanya kazi.

Haikuwa mteremko. Katikati ya muhula alipoteza rejista ya mahudhurio. Zamani angeificha habari hiyo mpaka ioze. Safari hii alimwambia mwalimu mkuu mwenyewe, saa ileile, kisha akanipigia na mimi. Iliokotwa mchana, imo chooni juu ya tangi la maji. Simu ile ilinipa imani kuliko dawa. Muhula ulipokwisha bodi ilikaa, ikamwongezea mkataba. Yupo mpaka leo, na bado anakata machungwa.

Sasa nyinyi mliobaki na funguo, nisikilizeni. Ile lebo yangu niliichoma. Kadi zote zilizokuwa kwenye boksi tulizifuata, mimi na Nesi Asha mwenzenu, kwa miguu, kwa simu, kwa kuuliza majirani. Wengine walikuwa wamehama. Wengine walirudi. Wawili tuliwakuta wamezikwa, na mmoja wao alikosa tarehe ya tatu kwa sababu alikuwa amelazwa hospitali hiihii, wodi ya pili kutoka kwetu. Hilo nalibeba, na nyinyi mlijue.

Mpigieni mgonjwa siku moja kabla, na mpigieni asubuhi yenyewe. Chukueni namba ya mtu anayeishi naye. Msimkaripie aliyekosa siku, maana ameshajikaripia njia nzima. Na ile Ijumaa inayofuata Alhamisi ya daktari, msipange mkutano. Tuliiacha wazi kwa makusudi. Anayekuja Ijumaa akidhani ni Alhamisi apokelewe, apimwe, apewe maji, apigiwe daktari simu. Wakaguzi walituuliza siku hiyo inaitwaje kwenye ratiba. Nikawaambia inaitwa Ijumaa.

Mliniaga vizuri, Alhamisi. Pilau lilikuwa limeiva, hotuba zilikuwa fupi kiasi, na zawadi ikawa saa ya ukutani, kwa hiyo aliyeichagua ananijua. Mwalimu Felista alialikwa, Asha alimpigia siku moja kabla. Kiti chake kilibaki kitupu. Asha akaniinamia akaninong'oneza, "Mwalimu wako hakuja, baba. Asubuhi simu yake ilikuwa haipatikani." Alisikitika kwa ajili yangu. Nikamwambia aniwekee sahani moja ya pilau kwenye jokofu.

Kesho yake nilioga, nikavaa, nikachukua bakora. Mke wangu akanitazama. "Si umestaafu jana?"

"Nimestaafu. Nakwenda kumngoja mtu."

Nikakaa kwenye benchi la nje, pale wagonjwa wanapokaa, mahali ambapo kwa miaka yote ile sikuwahi kukaa. Linaumiza mgongo, mlitengeneze. Saa nne na nusu bodaboda ikaingia getini. Akashuka amevaa kitenge kipya, daftari linaning'inia shingoni, na mikononi amekumbatia boksi la keki kwa nguvu zote. Akatazama huku na huku akitafuta viti na watu.

"Shikamoo, daktari. Jamani, simu ilizima chaji usiku, na daftarini niliandika Ijumaa. Nimechelewa?"

"Marahaba, Mwalimu," nikasema, nikasogea kumpa nafasi kwenye benchi. "Hujachelewa. Wenzako ndio waliowahi."